Tupeane uzoefu: Mtoto wa elimu maalumu ambaye kumbe macho nayo hayaoni vizuri

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nipo Uyole, Mbeya. Mwanangu ana ulemavu wa akili, anasoma kitengo cha elimu maalumu. Kujikwaa kwake na kuandika nje ya mstari, kila mtu alisema ni akili. Mwalimu mpya ndiye aliyegundua kuwa daftari analigusisha pua. Hajui herufi hata moja, nikawaza atapimwaje? Kliniki walimtia matone ya kupanua mboni, tukasubiri, kisha daktari akamulika jicho huku akipitisha lenzi mbele yake. Namba ya miwani ikapatikana bila mtoto kutamka neno. Siku hizi anakaa na bibi yake kuchambua mchele wa Kyela, na chuya hazimpiti. Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Mwalimu wa kitengo, Mafinga
Hongera sana mama. Hili linaniuma, maana ulemavu unaoonekana hufunika ule usioonekana. Watoto wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) wengi wana makengeza au wanahitaji miwani, na wengine huzaliwa na mtoto wa jicho. Viziwi ndio nawaombea zaidi, kwa sababu lugha yao yote inapita machoni. Ukiona kiziwi anaanza kujigonga jua likizama, mpeleke haraka: kuna ugonjwa wa kurithi unaoondoa usikivu kisha ukala retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, polepole. Anayeweza kuelekeza mkono apimwe kwa chati ya E, anaonyesha tu miguu ya herufi inaangalia wapi. Na msisubiri akue. Jicho lililozembea, yaani ambalo ubongo haukuzoea kulitumia, hurekebishika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8.

Baba wawili, Tukuyu
Wa kwangu ana mtindio wa ubongo. Macho yenyewe ni mazima, ila ubongo ndio unashindwa kufasiri picha, kwa hiyo miwani haikubadilisha kitu. Tuliambiwa tupunguze vurugu mbele yake. Mama yake akatandika kitambaa cheusi mezani, juu yake kikombe cha njano peke yake. Alichelewa, akageuza uso pembeni, mkono ukaenda taratibu hadi kwenye mpini. Ukimwekea vitu vitano kwa pamoja haoni hata kimoja. Wageni wakidhani anawapuuza, huwa naumia.

Mama Njombe
Mimi binti yangu ana ualbino. Miwani inamsaidia kiasi, lakini uoni hafifu unabaki. Kilichombeba ni kukaa mbele, mbali na dirisha lenye jua, kofia pana, na maandishi makubwa. Walimu wengine walitaka kumhamishia nukta nundu moja kwa moja. Tukakataa, kwa sababu anasoma kwa macho yake akisogeza kitabu karibu.

Mwanzisha mada
Baba wawili, hilo la kikombe nimelinakili nampelekea jirani yangu leo. Swali: wangu anaivua miwani kila baada ya muda. Mnafanyaje?

Mwalimu wa kitengo, Mafinga
Mwambie fundi wa miwani aweke kamba ya mpira inayozunguka kisogoni. Halafu mvalishe wakati wa kitu anachokipenda, kama hiyo kazi ya mchele, muda uongezeke kidogo kidogo. Na namba irudiwe kupimwa kila mwaka, mtoto anakua.