Mercedes: baba wa gari ni fundi au ni dalali?

Mzee wa Hoja (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitajwa Benz tunaimba wimbo uleule: Carl Benz, mji wa Mannheim, hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) namba 37435 ya tarehe 29 Januari 1886, kigari cha magurudumu matatu. Kampuni yenyewe inaisherehekea tarehe hiyo kama siku gari lilipozaliwa duniani. Mimi na hataza hatuna ugomvi. Ninachokataa ni kuunganisha kigari kile na Mercedes kana kwamba ni mtu na mwanawe. Carl Benz hakuchora Mercedes hata moja. Mercedes ya kwanza ilitoka kwa mahasimu wake, Daimler-Motoren-Gesellschaft, kampuni ya mhandisi Gottlieb Daimler ya Cannstatt pale Stuttgart, mwishoni mwa mwaka 1900. Na aliyeidai, akaiwekea masharti, akailipia na kuipa jina hakuwahi kushika spana kwa riziki yake. Alikuwa mfanyabiashara aitwaye Emil Jellinek.

Huyu bwana alizaliwa Leipzig mwaka 1853, akakulia Vienna, baba yake rabi maarufu, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Akaranda Morocco na Algeria akifanya kazi za ubalozi mdogo na biashara, mwisho akajikita Nice, kusini mwa Ufaransa, mahali matajiri wa Ulaya walikokwenda kukimbia baridi. Wateja wake walikuwa watu wa aina ya akina Rothschild, ule ukoo tajiri wa wenye mabenki. Mwaka 1899 aliuza magari 10 ya Daimler, mwaka uliofuata 29. Kwa kipindi kile hiyo ni biashara kubwa, msiipime kwa macho ya leo ya yadi za magari ya Japani.

Mashindanoni aliingia kwa jina la bandia, "Monsieur Mercédès". Mercédès ni binti yake, aliyezaliwa 1889.

Sasa sikilizeni kilichotokea Machi 1900. Gari la Daimler la wakati huo, Phönix, lilikuwa zito, refu kwenda juu na fupi kwenda mbele. Kwenye mbio za kupanda mlima kutoka Nice kwenda La Turbie, dereva wa kiwanda Wilhelm Bauer aligonga mwamba akafa. Pale Cannstatt wapo waliotaka kuachana na mashindano kabisa. Jellinek akawaambia kinyume: tatizo ni gari lenu. Nataka refu zaidi, pana zaidi, lililo chini zaidi, lenye nguvu zaidi. Na hakuishia kulalamika. Tarehe 2 Aprili 1900, Gottlieb Daimler akiwa hana hata mwezi kaburini, aliagiza magari 36 kwa mkupuo, thamani ya marki 550,000 za dhahabu. Sharti: awe na haki ya kuyauza Austria-Hungaria, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani, na injini mpya ibebe jina la bintiye.

Machi 1901 gari hilo la nguvu farasi 35 likafika Nice na kufagia kila kitu. Wilhelm Werner alikimbia Nice hadi Salon na kurudi, kilomita 392, kwa wastani wa kilomita 58 kwa saa, kwenye barabara za vumbi. Katibu wa klabu ya magari ya Ufaransa, Paul Meyan, akaandika kwamba wameingia katika zama za Mercedes.

Hoja yangu basi: mwanzilishi wa Mercedes ni Jellinek, mafundi walitekeleza oda. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo kwake.

Spana17

Mzee wa Hoja, umenena vizuri ila umemruka mtu mzima. Wilhelm Maybach, mhandisi wa Daimler aliyelichora gari lenyewe, yuko wapi katika stori yako? Umemwita "mafundi" ukapita.

"Nataka refu, pana, lililo chini, lenye nguvu." Mkuu, hiyo hata mimi kila siku naambiwa gerejini. Mteja anataka gari lisile mafuta, likimbie, na spea ziwe bei chee. Kusema ni bure. Ngoja nikuonyeshe kitu kimoja tu, rejeta. Injini kubwa inachemka, na dawa ya zamani ilikuwa kubeba maji mengi, yaani kubeba uzito. Maybach alipanga vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja milimita 6 kwa 6, hewa inapita ndani na maji yanazunguka nje, kama sega la nyuki. Maji yaliyohitajika yakapungua nusu, yakabaki lita 9. Hapo ndipo injini ya lita karibu 6 ilipowezekana kuwekwa kwenye gari jepesi. Ukiangalia grili ya mbele ya gari lolote barabarani, asili yake ni pale.

Haya, fremu ya chuma badala ya mbao. Kizimba cha krenki cha alumini. Valvu za kuingiza mchanganyiko wa hewa na mafuta zikafunguliwa na kamshafti (mhimili unaozungushwa na injini), wakati awali zilikuwa zinavutwa tu na pumzi ya pistoni, zikifunguka zinavyojisikia. Hizi hazitoki kwenye kitabu cha hundi cha mtu aliyekaa Nice anakula upepo wa bahari.

Na Maybach ni yatima, aliyelelewa kwenye nyumba ya masikini Reutlingen. Daimler alimkuta hapo akiwa kijana anachora mashine. Huyo ndiye unayetaka tumwite mtekelezaji wa oda?

Mzee wa Hoja

Spana17, nakushukuru kwa darasa, sikutanii. Ila umenipa risasi mwenyewe. Ile Phönix iliyomuua Bauer ilichorwa na nani? Na Maybach huyohuyo. Fundi ni yuleyule, kiwanda kilekile, miezi michache tu katikati. Kilichobadilika ni mteja mmoja mkorofi aliyekuja na pesa na kusema hiki sitaki, nataka kile. Kipaji kilikuwepo miaka yote, kimelala.

Tena si mara ya kwanza mfanyabiashara kuwaokoa. Miaka ya mwanzo ya 1890 wenye hisa, akina Duttenhofer na Lorenz, walibanana na Daimler na Maybach mpaka wote wawili wakawa nje, Maybach anachora michoro yake kwenye hoteli iliyofungwa pale Cannstatt. Nani aliwarudisha mwaka 1895? Frederick Simms, mtu wa biashara wa Uingereza. Alitaka leseni ya injini kwa marki 350,000 na akaweka sharti: Daimler arudi, la sivyo hakuna mkataba. Na kule Mannheim, magari ya mwanzo ya Benz yaliuzwa na nani zaidi? Emile Roger, wakala wa Paris. Kila ukigeuka unamkuta dalali.

Bahari ya Kale

Huku Mombasa twasoma tu. Lakini semeni ukweli, Wabenzi wetu baada ya uhuru, yupi kati yao aliwahi kuuliza habari za rejeta? Walitaka ile nyota ionekane ikipita.

Nondo

Tusogeze mada kwa takwimu kidogo. Mwaka 1900 Benz & Cie ya Mannheim iliuza magari zaidi ya 600, ikiwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani. Ndani ya miaka miwili mauzo yakashuka chini ya nusu. Sababu kuu ni gari la Jellinek. Watu walishaona gari la kisasa lilivyo, na Benz alikuwa bado anauza kitu kinachofanana na mkokoteni wa farasi uliopoteza farasi. Yeye mwenyewe hakupenda mambo ya mwendo kasi. Kampuni yake ilipoajiri wahandisi Wafaransa ili kujibu mapigo, akakasirika, akaachia kazi mwaka 1903. Kwa hiyo katika hilo namuunga mkono mleta mada: Mercedes ya kwanza ilikaribia kumzika Benz. Hawa ndugu wawili tunaowataja kwa pumzi moja walikuwa wanachinjana sokoni hadi mfumuko wa bei wa Ujerumani ulipowalazimisha kuungana rasmi Juni 1926.

Mama Wawili

Naona wanaume mnagawana urithi, fundi huyu dalali yule. Mwenye mtaji mmemsahau, kama kawaida.

Kabla hata ya ndoa yake na Carl Benz ya 1872, Bertha Ringer aliomba familia yake impe mahari yake mapema (kwao huko mali hutoka upande wa bibi harusi) ili Carl amlipe mbia wake August Ritter aondoke, karakana isife. Bila pesa ile hakuna karakana, na 1886 isingefika. Lakini kwa sheria ya wakati ule mke hakuweza kuandikwa kwenye hataza hiyo. Pesa zake zikaingia, jina lake likabaki nje.

Na mnasema habari za mteja kumwambia fundi ukweli? Agosti 1888 Bertha alichukua gari bila kumuaga mumewe, akawapakia wanawe Eugen na Richard, akaenda kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim. Mafuta yalipoisha akanunua ligroini, ile dawa ya kutolea madoa, kwenye duka la dawa Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka akauzungushia mkanda wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha akamwambia fundi viatu wa Bauschlott azipigilie ngozi. Milimani watoto walisukuma. Aliporudi akamweleza mumewe waziwazi kwamba linahitajika gia jingine la kupandia, na likawekwa.

Huyo alilipa, alijaribu, alitengeneza na alitangaza. Jellinek alifanya mangapi kati ya hayo? Halafu mbele ya gari likaandikwa jina la mtoto wa miaka 11 ambaye hakuulizwa.

Spana17

Mama Wawili umefunga duka. Nafuta viti.

Mzee wa Hoja

Asifunge mtu duka. Dada yangu, kila ulichosema kuhusu Bertha nakikubali, na kingekuwa hoja nzito kama mada ingekuwa "nani alifanikisha gari la Benz". Mada ni Mercedes. Bertha ni wa Mannheim, hakuhusika na Cannstatt. Ukimwingiza hapa unaisaidia kampuni kuchanganya nyuzi mbili ambazo hadi 1926 zilikuwa mbalimbali.

Nondo

Ngoja niweke jambo ambalo linanikera zaidi ya yote, maana mnabishana nani anastahili sifa bila kuuliza nani aligawa sifa.

Zamani vitabu vikubwa vya maarifa vya Kijerumani vilimtaja Siegfried Marcus wa Vienna kama mvumbuzi wa gari. Marcus alikuwa Myahudi. Mwaka 1940 wizara ya propaganda ya Wanazi iliandikia uongozi wa Daimler-Benz kuwajulisha kwamba ensaiklopidia za Meyers na Brockhaus zimeelekezwa kuanzia hapo ziwataje Daimler na Benz. Sanamu yake pale Vienna nayo iliondolewa, ikarudishwa baada ya vita. Msinielewe vibaya: gari lake maarufu, ambalo kwa muda mrefu lilisemwa ni la 1875, sasa linawekwa kwenye 1888 au 1889, kwa hiyo halimpiku Benz. Lakini kumkosoa mtu kwa ushahidi ni jambo moja, na serikali kumfuta kwa sababu ya damu yake ni jambo jingine. Sifa ya Benz na Daimler ingesimama yenyewe, haikuhitaji barua ya wizara.

Na hapa kuna kichekesho kichungu. Wakubwa wa utawala uleule walikuwa wanapunga mikono juu ya magari makubwa yenye jina la mjukuu wa rabi wa Vienna. Huyo hawakuweza kumfuta, alishaandikwa kwenye bidhaa.

Spana17

Nondo hiyo imeniingia. Ila nirudi kwa mleta mada, bado sijamwachia.

Unasema Jellinek ndiye mwanzilishi. Haya, huyu bwana alikuwa na barua za kejeli na matusi kwa kiwanda kila wiki, baadaye wakachokana, na kufikia 1909 alishatoka kwenye mambo ya kampuni. Vita Kuu ikamkuta akituhumiwa ujasusi huku na huku, mali zake Ufaransa zikachukuliwa, akafia Geneva Januari 1918. Tuangalie gari lilifanya nini bila yeye. Julai 1914, mbio kuu za Ufaransa pale Lyon: Mercedes nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, mbele ya Wafaransa nyumbani kwao. Jellinek hakuwepo kiwandani. Mafundi walikuwepo. Mwanzilishi gani huyo ambaye nyumba yake inazidi kuimarika akiwa ameshahama?

Mzee wa Hoja

Swali zuri, kwa hiyo nalijibu kwa swali.

Umesema mwenyewe walichokana naye. Wakurugenzi wa Cannstatt walikuwa na kila sababu ya kumfuta. Daimler alikuwa mwenyeji wao, mhandisi wao, jina lake liko kwenye bango la kiwanda, na mwanawe Paul ndiye aliyekuwa mkuu wa uhandisi wakati wa ushindi huo wa Lyon. Maybach alishaondoka mwaka 1907, akaenda kutengeneza injini za ndege-puto za Zeppelin pamoja na mwanawe Karl. Hakuna aliyewazuia kurudisha "Daimler" kwenye pua ya gari. Hawakurudisha. Mwaka 1926 walipoungana na Benz wakapata nafasi nyingine ya kuanza upya. Kampuni wakaiita Daimler-Benz. Magari wakayaita Mercedes-Benz. Jina la mhandisi likaenda kwenye makaratasi ya ofisini, jina alilolileta dalali likabaki barabarani.

Spana17, kama mafundi ndio walioiweka Mercedes hapo ilipo, kwa nini wenye kiwanda wenyewe walichagua hivyo?