Mjadala: Programu za bure au za kulipia kwenye kliniki na maabara za meno?

Mwanzisha mada

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Madaktari wa meno na mafundi wa maabara wamegawanyika kambi mbili: wanaosema cha bure ni takataka, na wanaosema wauza programu ni wanyonyaji. Kelele zote hizo hazimsaidii mwenye kliniki, ambaye mwishowe hununua kwa mchuuzi wa kwanza kupiga hodi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge vizuri. Kumbukumbu za wagonjwa zikae kwenye programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, au angalau kwenye hifadhidata ambayo kliniki inaweza kuifungua yenyewe bila kumwomba mtu. Programu ya kusanifu taji (kofia ya kuvalisha jino), madaraja na meno bandia ni suala jingine, na huko nakubali kwamba kulipa kuna hoja.

Watu wengi huchanganya programu ya bure na programu huria. Meshmixer ya Autodesk ilikuwa bure, na mafundi waliizoea kwa kuziba matundu kwenye skani (picha ya pande tatu ya kinywa) na kukata modeli. Msimbo wake ulibaki kwa kampuni, kwa hiyo Autodesk ilipoacha kuiendeleza hakuna mwingine aliyeweza kuipokea. Blender, programu ya kuchonga maumbo ya pande tatu, nayo ilikaribia kufa kampuni yake ilipofungwa, ila mwaka 2002 watumiaji walichanga yuro 100,000, msimbo ukakombolewa na kuachiwa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadili. Ipo mpaka leo, na kuna maabara zinazosanifia meno humo.

Wala huria haimaanishi kutolipa kabisa. Open Dental, programu ya kumbukumbu za kliniki iliyoanzishwa na daktari wa meno huko Marekani, kwa miaka mingi iliachia msimbo wake kwa GPL huku kliniki zikilipia msaada kila mwezi. Kwangu huo ni mpango mzuri: unalipia watu wa kukusaidia, na faili la mgonjwa linabaki lako hata ukiacha kulipa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Nimeshuhudia kliniki ikitaka kuhama programu, ikaambiwa kumbukumbu zitatolewa kama PDF, faili moja kwa kila mgonjwa. Chati ya meno ikawa picha tu. Ukitaka kujua nani ana kipandikizi (mzizi wa bandia uliopandikizwa kwenye taya), nani alizibwa gego lipi, nani ana mzio wa penisilini, ufungue faili moja moja usome. Wahudumu walikaa jioni baada ya jioni wakiandika upya mambo ambayo kliniki yao ilishayaandika. Kampuni iliona ni jambo la kawaida!

Daktari, kliniki ya viti viwili

Mkuu, hoja ya data naikubali nusu. Unasahau kwamba kliniki ndogo haina mtu wa kompyuta. Programu huria ikigoma asubuhi, wagonjwa wamejaa nje na mmoja shavu limevimba, nimpigie nani simu? Niingie mtandaoni kuomba ushauri nikiwa nimevaa glavu? Ninapolipia, kuna namba ya kupiga na kuna mtu wa kumbana.

Na usalama je? Siri za wagonjwa ni dhamana yangu mbele ya sheria. Siwezi kuiweka mikononi mwa watu wanaojitolea, hata wawe wema kiasi gani. Kampuni inayolipwa ina cha kupoteza.

Mtu wa mifumo

Daktari, hilo la simu una haki nalo. Kwenye usalama nakupinga moja kwa moja.

Dentrix, programu ya kuendeshea kliniki ya meno, ni ya kulipia, na ni maarufu sana Marekani. Mwezi Januari 2016 kampuni yake, Henry Schein Practice Solutions, ilikubali kulipa dola 250,000 kumaliza shauri la tume ya biashara ya Marekani, FTC. Tume ilidai kwamba kampuni ilitangaza Dentrix G5 kuwa inasimba data za wagonjwa (kuzificha asizisome asiyehusika) kwa kiwango kinachotakiwa, kumbe njia iliyotumika ilikuwa dhaifu kuliko hiyo. Daktari aliyenunua hakuwa na namna ya kugundua, kwa sababu msimbo umefungwa. Kwenye programu huria mtu yeyote mwenye ujuzi angefungua aone.

Agosti 2019 mamia ya kliniki za meno Marekani zilifungiwa mafaili na wadukuzi wanaodai kikombozi. Waliingilia DDS Safe, huduma ya kulipia ya kuhifadhi nakala, yaani kitu kilekile madaktari walichokilipia kiwaokoe siku kama hiyo.

Hata hivyo mwanzisha mada asishangilie mapema. Programu huria iliyowekwa kwenye kompyuta ya zamani, haisasishwi, wahudumu wote wanatumia nywila moja, na nakala rudufu iko kwenye diski iliyochomekwa humohumo, ni hatari kuliko yote niliyoyataja. Na nakala ambayo hujawahi kuirejesha kwenye mashine nyingine ukaona chati zinafunguka, usiihesabu.

Fundi wa maabara

Ndugu zangu, mnazungumza kama vile kazi yetu yote ni kumbukumbu. Njooni kwenye benchi.

Skani ya jino lililosagwa ikifika, kazi ya kwanza ni kuchora mstari wa ukingo, pale taji litakapokutana na jino. Kisha mwelekeo wa kuvalisha, nafasi ya saruji, mng'ato na jino pinzani, unene wa ukuta. exocad na 3Shape, programu za kulipia za kusanifu meno, zinakushika mkono hatua kwa hatua, na ukuta ukiwa mwembamba kuliko kima ulichoweka zinakuonya. Blender tupu itakuruhusu kuchonga chochote, hata taji la zirkonia (aina ya kauri ngumu) ambalo litapasuka mgonjwa akitafuna. Haina kosa, haikutengenezwa kwa ajili ya meno. Lakini nani atalibeba hilo?

Vipandikizi ndiyo kabisa. Kiungio kati ya kipandikizi na sehemu inayokaa juu yake hakivumilii makosa, na watengenezaji wengi hutoa maktaba za maumbo yao kwa programu kubwa za kulipia tu. Ukikisia vipimo mwenyewe, skrubu italegea au itakatika, na anayerudi kwenye kiti ni mgonjwa.

Lakini kulipa nako kuna minyororo yake. Mwaka 2020 exocad ilinunuliwa na Align Technology, kampuni ya Invisalign (vifaa vya kunyoosha meno) na skana za kinywa za iTero. Sisemi wamefanya baya. Nasema chombo ninachotegemea kila siku sasa ni cha mtu anayeuza pia skana na matibabu, na mimi sina kauli. Kwa upande wa kupanga upasuaji wa vipandikizi kuna Blue Sky Plan: kupanga ni bure, malipo yanakuja unapotoa faili la kuchapisha. Mimi mfumo huo naupenda, maana mwanafunzi anajifunza bila kikwazo.

Na jambo dogo linaloua kazi: namba za meno. Katika mfumo wa kimataifa wa FDI, 11 ni jino la mbele kabisa, juu kulia. Katika mfumo wa Marekani, 11 ni chonge la juu kushoto. Programu ya kliniki imewekwa mfumo mmoja, ya maabara mwingine, oda imeandikwa "taji, 11" bila maelezo. Bei ya programu haitakuokoa hapo. Muulize daktari kabla hujasaga.

Mwanzisha mada

Fundi, kwenye vipandikizi umenishinda, na hilo la kutoa maktaba kwa wachache tu ndilo lingefaa kupigiwa kelele na vyama vya taaluma. Suala la nani anabeba lawama ni zito pia. Ulaya, kanuni 2017/745 inayotumika tangu Mei 2021 inaweza kuihesabu programu ya tiba kuwa kifaa tiba, na watengenezaji wa 3D Slicer, programu huria nzuri sana ya kutazama picha za pande tatu, wenyewe wanasema haijaidhinishwa kwa matumizi ya kliniki. Kuisomea sawa. Kupangia upasuaji wa mgonjwa kwa sababu tu ni bure, hapana.

Kwenye kumbukumbu za wagonjwa sirudi nyuma hata hatua moja.

Daktari, kliniki ya viti viwili

Basi nitafanya hivi. Kabla ya kusaini na yeyote, namwambia anitolee data za wagonjwa wachache mbele yangu: chati kwa CSV, eksirei kwa DICOM, skani kwa STL au PLY, yaani aina za faili ambazo programu nyingi huzifungua. Nazifungua kwenye programu nyingine isiyo yake. Zikikataa, mazungumzo yameisha.

Ila na nyinyi wa huria nawadai mkataba wa msaada wenye saa za kujibu zilizoandikwa. Mpaka niuone, nabaki ninapolipia.