Kwa nini Mary Kate alishikilia mali yake katika filamu ya The Quiet Man?

Mtazamaji wa Iringa

Ndugu zangu, hamjambo. Jumapili jioni mimi na mke wangu tulitazama nyumbani The Quiet Man, filamu ya mwongozaji John Ford iliyotoka mwaka 1952. Kwa wasioifahamu, Sean Thornton, anayeigizwa na John Wayne, anatoka Marekani na kurudi katika kijiji alichozaliwa huko Ireland, anainunua nyumba ya wazazi wake, kisha anampenda Mary Kate Danaher, anayeigizwa na Maureen O'Hara. Uchumba wao ulitufurahisha mno, hasa pale mshenga wao, mzee Michaeleen, anapowapakia kwenye gari la farasi huku wamepeana migongo. Lakini siku ya harusi kaka yake Mary Kate anagoma kutoa pauni 350 alizopaswa kwenda nazo kwa mumewe, na usiku ule ule bibi harusi anajifungia chumbani. Sean anamhakikishia kwamba pesa hizo yeye hazihitaji hata kidogo, lakini mwanamke hasikii. Mke wangu anamtetea. Mimi naona ni tamaa. Ninyi mnaonaje?

Bint Kisauni

Kaka yangu, naomba uitazame tena ile asubuhi ya baada ya harusi, majirani wanapofika na mkokoteni uliosheheni meza, viti na kinanda kidogo. Mary Kate anavipokea kwa furaha ya mtoto, kwa sababu vilikuwa vya mama yake, na vya bibi yake kabla ya hapo. Kwa miaka mingi amempikia na kumfulia kaka yake katika nyumba ambayo hana chake ndani yake, na anamweleza mumewe waziwazi kwamba bila mali yake atabaki mtumishi vilevile, ila amebadilisha mwajiri. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba pesa si kitu ni kumwambia kwamba utu wake si kitu.

Huku kwetu pwani mahari hutoka kwa mume, na kule Ireland mali ilitoka kwao bibi harusi, kwa hiyo njia ni tofauti. Hata hivyo, sisi tumelelewa tukijua kwamba mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na kaka akiikalia, anayelaumiwa ni kaka. Kuhusu tamaa, jibu limo ndani ya filamu. Kaka anapozitupa zile pesa hatimaye, ni Mary Kate anayefungua mlango wa tanuri la mashine ya kupura nafaka ili Sean azichome zote, kisha anaondoka akiwa ameinua kichwa, akisema anakwenda kumwandalia mumewe chakula cha jioni. Mwenye tamaa angefumba macho noti zikiungua?

Mwalimu Mstaafu

Nakubaliana na Bint Kisauni, lakini tusimsahau Sean. Alikuwa bondia, akamuua mpinzani wake ulingoni katika pambano la fedha, na tangu hapo ameapa kutopigana tena. Kwake yeye, kumpiga mtu kwa ajili ya pesa ndiyo dhambi iliyomfanya aikimbie Marekani, na sasa mke anamtaka afanye jambo linalofanana kabisa na hilo. Siri hiyo anaijua mchungaji wa Kiprotestanti pale kijijini, naye hajaitoa. Mke hajaambiwa neno, hivyo anachokiona ni mume mwoga. Kila mmoja ana haki yake, ila mume amenyamaza mahali alipopaswa kusema, na hapo ndipo ndoa inapokwama. Filamu hii ilipigwa mwaka 1951 katika kijiji cha Cong, jimbo la Mayo, na ilishinda Oscar ya mwongozaji na ya upigaji picha za rangi. Ule ukijani wa malisho na mito unapendeza kiasi kwamba mtazamaji anaweza kupitwa na uzito wa jambo lenyewe.

Mtazamaji wa Iringa

Asanteni sana, hasa kwa hilo la tanuri. Mke wangu ameyasoma majibu yenu na anauliza jambo moja: je, pale Sean anapomteremsha Mary Kate kwenye treni na kumburuta kwa miguu hadi kijijini, huku watu wakishangilia, nako mnakutetea?

Bint Kisauni

Kumburuta huko sikutetei, dada. Kuna mwanamke njiani anayempa Sean fimbo ya kumchapia mkewe, na waliotengeneza filamu walitaka tucheke. Sikucheka. Wapo wanaosema kwamba Mary Kate alikuwa akimsubiri mumewe aonyeshe ukali, na kwamba mambo ya mwaka 1952 yapimwe kwa mizani ya 1952, lakini mwanamke aliyedai utu wake tangu mwanzo wa ndoa hakustahili kuangushwa matopeni ndipo akabidhiwe haki yake. Hapo namlaumu mwongozaji. Angeweza kuwaonyesha wote wawili wakitoka kituoni bega kwa bega na kwenda kwa kaka kudai haki pamoja, na tukio la tanuri lisingepungukiwa na chochote.