Jeki ya haidroliki inashuka yenyewe baada ya kukaa ghalani: tatizo ni mafuta au namna nilivyoihifadhi?

Muulizaji:
Ndugu wachangiaji, ninayo jeki ya magurudumu ya tani 3 ambayo kwa miezi minane iliyopita sikuitumia. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, niliisimamisha wima ukutani, mkono wake wa kuinulia ukiwa umebaki nusu juu. Nilipoitoa juzi, mpini ulikuwa ukinesa na mapigo manne au matano ya mwanzo hayakuinua kitu. Gari lilipopanda hatimaye, likaanza kushuka polepole bila mimi kugusa vali ya kushushia. Jirani amenishauri niongeze mafuta ya breki ndani ya jeki. Je, ushauri huo ni salama?

Jibu la 1:
Ndugu, tafadhali usitie mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, yametengenezwa kwa kemikali ya glaikoli, ilhali sili (vizuizi vya kuzuia mafuta yasivuje) za jeki nyingi ni za mpira unaostahimili mafuta ya madini. Zikikutana na glaikoli huvimba na kuharibika, na jambo hilo halirekebishiki kwa kumwaga na kujaza upya. Tumia mafuta ya haidroliki ya jeki, kwa kawaida yenye mnato (uzito wa mafuta) wa daraja la ISO VG 22 au 32, baada ya kuangalia kitabu cha jeki yako kinasema nini.

Kunesa kwa mpini kwa kawaida ni dalili ya hewa. Jeki inaposimamishwa wima, mafuta huhama kwenye tangi lake na njia ya kuingilia pampu hubaki wazi, hivyo hewa huingia. Ilaze chini kwenye sakafu tambarare, bila mzigo wowote, ushushe mkono wake kabisa, ufungue vali ya kushushia na kizibo cha mafuta, kisha upige mpini kwa haraka mara 10 hadi 15. Funga vali, angalia kiwango cha mafuta (mkono ukiwa chini, yafike karibu na ukingo wa chini wa tundu la kujazia, yasizidi), halafu rudisha kizibo.

Jibu la 2:
Naunga mkono, ila naomba tutofautishe dalili mbili. Kushuka polepole chini ya mzigo hakusababishwi na hewa peke yake. Mara nyingi ni uchafu uliokaa kwenye kiti cha vali (mahali vali inapokalia ikijifunga), au vali ya kushushia ambayo haikukazwa sawasawa, au sili iliyolika. Kubaki na mkono nusu juu kunahusika pia: sehemu ya pistoni iliyo nje ya silinda hupata unyevu na kuota kutu, na kutu hiyo hukwaruza sili kila pistoni inaporudi ndani. Ipanguse pistoni kwa kitambaa safi na uikague kwa tochi. Ukikuta skrubu iliyofungwa kwa lakiri au rangi, usiiguse. Ndiyo inayozuia jeki isibebe kupita kiwango chake.

Muulizaji:
Asanteni sana. Hewa imetoka na mpini sasa ni mgumu tangu pigo la kwanza, lakini bado inashuka, na mafuta niliyoyachungulia ni meusi yenye chembechembe.

Jibu la 2:
Basi yamwage yote kwenye chombo chenye kifuniko, jaza mafuta safi, piga mpini bila mzigo, kisha umwage na ujaze tena. Ikiendelea kushuka, sili zinahitaji kubadilishwa na fundi mwenye seti inayolingana na jeki hiyo. Mpaka hapo isinyanyue gari hata mara moja. Hata ikipona, gari likishainuka liwekwe juu ya stendi za kuegemezea gari zenye uwezo wa kutosha kabla mtu hajaingiza hata mkono chini yake, kwa kuwa jeki nzima kabisa nayo inaweza kupoteza shinikizo ghafla.

Jibu la 1:
Kuhusu kuhifadhi: mkono uwe chini kabisa ili pistoni ifichwe ndani ya silinda, jeki ikae kwa magurudumu yake mahali pakavu, na ekseli za magurudumu pamoja na maungio ya mkono yapakwe grisi. Kama nafasi ni finyu, chomoa mpini na uuweke pembeni, jeki yenyewe ibaki imelala.