Mashirika ya ndege za bei nafuu, tangazeni tarehe ya kufungua ratiba! Mnatuuzia kwenda, kurudi mnaficha

Wakuu, nimekuja kutoa povu. Asiyependa kelele apite kimya kimya.

Fungua kalenda ya kukatia tiketi ya shirika lolote la bei chee linaloruka kwa msimu. Upande wa kwenda mambo safi, tarehe zinabonyezeka, nauli imeandikwa chini ya kila siku. Hamia upande wa kurudi. Kufika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kijivu kitupu. Hakuna bei, hakuna saa, hakuna hata neno la kukwambia urudi lini uangalie. Ukilazimisha unaletewa kile kijisentensi chao: "Hakuna safari kwa tarehe ulizochagua." Hakuna safari? Njia hiyo hiyo mnairuka kila mwaka, joto na baridi! Safari ipo, ila hamjaitoa sokoni, na siku ya kuitoa mmeikalia.

Kwa wasiojua mpaka huu umetoka wapi: usafiri wa anga duniani unaendeshwa kwa misimu miwili. Kwa majira ya kaskazini mwa dunia, ratiba ya joto huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Mashirika makubwa mengi hayakusumbui na huo mpaka kwa sababu huuza karibu mwaka mzima mbele, siku 330 na zaidi, na kila siku ikipita wanaongeza nyingine. Hawa wa bei nafuu hufungua kwa mafungu. Leo wanamwaga miezi kadhaa kwa mpigo, halafu kimya mpaka watakapojisikia. Sasa wewe unayetaka kuondoka tarehe 20 Oktoba na kurudi tarehe 28 umekaa katikati ya mafungu mawili. Na ni wiki hizo hizo ambazo shule nyingi za Ulaya zinakuwa likizo, yaani si kwamba wasafiri ni wawili watatu.

Niliwaandikia. Kwanza unajibiwa na roboti inayokuuliza kama unataka kuongeza begi. (Begi la nini, na safari yenyewe hamjaniuzia?) Ukimpata binadamu anakwambia "endelea kutembelea tovuti yetu". Nikauliza tarehe tu. Si nauli wala punguzo, tarehe. Jibu likaja kwamba ratiba "bado inasubiri uthibitisho wa viwanja".

Hapo ndipo damu ilipochemka, maana huo utetezi una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ni changa la macho. Ni kweli viwanja vilivyojaa hugawa nafasi za kutua na kuruka kwa msimu. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, huitisha mkutano wa kupanga nafasi hizo mara mbili kwa mwaka, mmoja karibu na Juni kwa ajili ya msimu wa baridi, mwingine Novemba kwa msimu wa joto. Lakini shirika lililotumia nafasi zake angalau asilimia 80 msimu uliopita huwa na haki ya kuzipata tena msimu kama huo mwakani. Ndege ya Jumanne asubuhi inayokwenda kila mwaka haianzi kuombewa kibali upya kama vile jana haikuwepo. Halafu hayo makubwa yanayouza siku 330 mbele, mnadhani yanasubiri mkutano uishe? Yanauza kabla, mambo yakibadilika yanarekebisha. Na nyinyi wenyewe njia zenye wateja wengi mnaziachia mapema! Uthibitisho unasubiriwa pale tu mnapotaka kusubiri.

Naelewa sababu halisi, na isingekuwa aibu kuisema. Biashara ya bei nafuu inataka ndege isikae chini. Wanahamisha ndege kutoka kituo hiki kwenda kile, wanabana viwanja wapunguziwe tozo, wanasubiri ndege mpya zifike, na njia isiyolipa wanaitupa. Kwa hiyo hawataki kujifunga mapema. Sawa, ndiyo maana nauli ni ndogo, nami ni mteja wao kwa sababu hiyo hiyo. Ila kuchelewa kuamua ratiba ni jambo moja, na kuficha siku ya kuitangaza ni jambo jingine kabisa. La pili haliwapunguzii gharama hata senti.

Tena inawezekana! Southwest ya Marekani imekuwa ikiandika kwenye tovuti yake wanauza hadi tarehe ipi na lini watafungua fungu linalofuata. easyJet nayo imekuwa ikitangaza mapema siku ya kutoa viti vya msimu. Ni mstari mmoja tu.

Anayeumia ni nani? Likizo ya kazini inaombwa mapema, huwezi kumwambia bosi usubiri shirika lijisikie. Kwa hiyo unanunua kwenda peke yake, tiketi isiyorudishiwa hela, unakaa unachungulia kurudi kama mtu anayevizia daladala ya mwisho. Siku inafunguka bila taarifa, wewe uko kwenye mihangaiko yako, ukija kushtuka viti vya nauli ya chini kwenye siku za likizo vimekwenda. Hapo una hiari gani? Kwenda umeshalipa.

Na ukishafanikiwa, ndipo wanapoanza kusogeza saa. Asubuhi inageuka usiku, Jumatano inakuwa Alhamisi, barua pepe inakuja na kitufe kikubwa cha "Kubali", huku cha kudai hela kimefichwa chini kwa maandishi madogo kama sisimizi. Hicho cha "Kubali" msikibonyeze kwa pupa. Kwa safari zinazolindwa na kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, mahakama yao ya juu iliamua Desemba 2021 kwamba kubadili saa ya ndege, iondoke mapema kwa zaidi ya saa moja, kunahesabika kama kuifuta. Maana yake una haki ya kuchagua hela yako au safari nyingine. Fidia ya ziada juu ya hapo ndiyo wanayoikwepa kwa kukuarifu wiki mbili au zaidi kabla. Marekani nako, kwa kanuni za 2024, mabadiliko ya saa tatu kwa safari za ndani au sita kwa za kimataifa yanakupa haki ya kurudishiwa fedha ukiyakataa.

Ninachodai si kikubwa. Wekeni tarehe ya kufungua msimu, hata mkisema "wiki ya pili ya mwezi fulani". Safari za kwenda zinazoangukia siku za mwisho za msimu, ama fungueni na kurudi kwake, ama turuhusuni kuzibadilisha bure mpaka kurudi kutakapotoka. Mkishindwa yote, basi msituuzie hizo siku.

Mwenye kutaka kuniambia "si upande shirika kubwa" asijisumbue, nauli zao nimeziona. Ambao mlisogezewa saa mkarudishiwa hela bila kupigwa danadana, wekeni hapa mliwaandikia nini.