Lebo ya nitroksidi imezimika: nihamie shaba au gadolini?

MwanaDunga: Habari za jioni wadau. Nafanya uzamili hapa Kisumu. Protini naiandaa huku, kisha sampuli zinasafirishwa Ulaya kwenye barafu kavu, maana mashine ya EPR, inayopima elektroni pweke (zisizo na mwenzake), hatuna. Niliweka lebo za nitroksidi, molekuli ndogo zenye elektroni moja pweke, kwenye sisteini mbili (asidi amino zenye salfa) za protini nipate umbali kati yao. Kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi za kutuliza pH, mambo safi. Nilipoitia protini kwenye majimaji ya seli, grafu ikarudi bapa kama chapati. Pesa iliyobaki ni ya safari moja tu. Nifanyeje?

MzeeMenengai: Pole kijana wangu. Glutathioni (molekuli ndogo yenye salfa) na vitamini C zilizo kwenye seli huipa nitroksidi elektroni. Ile elektroni pweke ikishapata mwenzake, mashine haina cha kuona. Gadolini, ambayo ni metali, haijali hayo: ina elektroni pweke 7, na ikikaa ndani ya DOTA, molekuli inayoizingira kama kizimba, haitoki. Ila waulize kwanza mashine yao ni ya masafa gani. Gadolini hufanya vizuri kwenye gigahezi 34 au 95. Kwa ile ya 9 utajuta.

BintiKakamega: Mimi nimetumia shaba. Unapanda histidini mbili (asidi amino zinazoshika metali), moja nafasi nne mbele ya nyingine kwenye heliksi, ile sehemu ya protini iliyojisokota, na shaba iliyobebwa na NTA, molekuli ndogo ya kuishikilia, inabanwa na zote mbili. Haichezi, si kama nitroksidi inayoning'inia ikiyumba, ndiyo maana kilele cha umbali kwenye grafu kinatoka chembamba. Lakini ule mkia wa histidini 6 wa kusafishia protini, ukate! Mimi niliusahau, wiki tatu nakodolea grafu pana, kumbe shaba imekimbilia mkiani. Na EDTA, kemikali inayokamata metali, usitie hata tone, itainyakua shaba yote. Hata hivyo, kwa majimaji ya seli sikushauri: glutathioni huigeuza shaba ikawa bubu vilevile.

MwanaDunga: Asante dada. Mzee, wamejibu: wana ya gigahezi 34. Sasa lebo ya gadolini ikishika sisteini zilezile, glutathioni si itaing'oa?

MzeeMenengai: Itaing'oa kama kiungo ni salfa kwa salfa. Chukua lebo yenye maleimidi, kishikio kinachofunga salfa ya sisteini bila kiungo hicho. Kwanza ondoa DTT yote, ile kemikali ya kuzuia sisteini zisishikane, la sivyo ndiyo itakayoila lebo kabla ya protini. Bafa yako ni ipi?

MwanaDunga: Fosfati.

MzeeMenengai: Aa, hapana. Chembe za gadolini zilizo nje ya kizimba zikikutana na fosfati zinaganda, utaona ukungu mweupe kwenye chupa. Hamia bafa ya HEPES kabla hujafungua hiyo lebo, ni ghali.