Maulizo ya Neo4j ndani ya Java: Cypher-DSL, Gremlin au maandishi matupu?

Fundi_Nodi
Wakuu, naomba ushauri. Tunatumia Neo4j, hifadhidata ya grafu (data ni nodi na viunganisho vyake), na maulizo yetu yote ya Cypher, lugha yake ya kuuliza data, yameandikwa kama maandishi ndani ya kodi ya Java. Juzi tulibadilisha sifa `simu` ikawa `nambaSimu`, ulizo moja likasahaulika. Hakuna kosa lililotokea. Cypher ikikosa sifa inarudisha null tu (yaani hakuna thamani), kwa hiyo sharti la WHERE halikumpata mtu na ripoti ya watu wapya ikatoka tupu siku mbili mfululizo. SQL ingekataa palepale kwamba safu wima haipo. Nataka kosa la namna hii linaswe na kompaila, kabla programu haijaendeshwa. Mnatumia nini?

Kitasa
Cypher-DSL, maktaba ya Java ya kujengea maulizo. Ulizo unalijenga kwa metodi, `Cypher.match(m).where(sharti).returning(m).build()`, kisha maktaba inakutolea Cypher iliyo sawa kisarufi. Raha yake utaiona mtumiaji anapochagua vichujio mwenyewe: masharti unayaongeza moja moja bila kuunganisha vipande vya maandishi, kazi ambayo pia huacha mlango wazi kwa mtu kupenyeza Cypher yake.

Bi_Kompaila
Kitasa, hiyo ni nusu ya dawa. Ukiandika `m.property("simu")`, jina bado ni maandishi, na kosa la Fundi lingepita vilevile. Umelinda sarufi, majina hujayalinda.

Fundi, washa kichakataji cha anotesheni cha Cypher-DSL. Wakati wa kukompaili kinasoma klasi zako zenye alama ya `@Node` ya Spring Data Neo4j (maktaba inayounganisha klasi za Java na nodi) na kuzalisha klasi pacha, mfano `Mtu_`. Ulizo linaandikwa kwa `mtu.NAMBA_SIMU`, sifa ikibadilishwa jina kwenye klasi, kila ulizo lililobaki nyuma linagoma kukompaili. Ila thamani hazilindwi: ukilinganisha umri na neno, itakubali. Na matokeo yakirudi, `asString()` juu ya namba inaanguka programu ikiwa tayari inaendeshwa.

Jembe
Mbona Gremlin, lugha ya maulizo ya grafu inayotumika kwenye hifadhidata mbalimbali, mnaipita? `g.V().hasLabel("Mtu").out("ANAMJUA")` ni Java yenyewe, na ukihamia hifadhidata nyingine ya grafu kama JanusGraph au Neptune, sehemu kubwa ya kodi inabaki.

Bi_Kompaila
Kuhama ni hoja nzuri, Jembe. Usalama wa aina (kompaila kukagua aina za data) ndio sikubali. Weka `values("jina")`, inayotoa neno, kisha `out()`, inayodai nodi: inakompaili vizuri, halafu inaanguka ukiiendesha, maana hatua zote zimo kwenye `GraphTraversal` hiyohiyo. Lebo nazo ni maandishi. `@GremlinDsl` inakuruhusu kutunga hatua zako kama `wanaojuana()`, majina yakakaa mahali pamoja, lakini unaziandika mwenyewe. Kwa mtu aliye tayari kwenye Neo4j sioni faida.

Fundi_Nodi
Asanteni. Tuna maulizo kama arobaini, mengi hayabadiliki kabisa. Nayo niyageuze?

Kitasa
Hapana. Ulizo refu la njia zenye hatua nyingi linasomeka vizuri zaidi likiwa Cypher tupu ndani ya nukuu tatu za Java 15. Hayo yapimie kwenye Neo4j halisi kupitia Testcontainers (maktaba inayowasha hifadhidata ya muda kwa ajili ya majaribio), na jaribio lidai idadi ya safu mlalo inayotarajiwa, si kwamba ulizo limepita tu. DSL iachie yanayojengwa kwa masharti.

Bi_Kompaila
Hapo tuko pamoja. Fundi, jambo moja kabla hujaondoka: kompaila haizioni nodi zilizokwisha kuhifadhiwa. Za zamani bado zina `simu`. Endesha hii kwanza:

`MATCH (m:Mtu) WHERE m.simu IS NOT NULL SET m.nambaSimu = m.simu REMOVE m.simu`

Fundi_Nodi
Nimehesabu sasa hivi, kweli zipo. Naanza na hizo.